Mizani Mbili, Mwili Mmoja

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, lakini nakiri kwamba sikuwahi kuufahamu vyema ukweli wake mpaka siku nilipojikuta na mizani mbili za kujipimia uzani.

Mimi ni mwalimu. Siku za kazi hukaa Mutomo, upande wa kusini wa Kaunti ya Kitui, katika nyumba ya kupanga. Jamaa zangu wako Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni. Baina ya makao haya mawili unapita mto Athi, ambao katika sehemu hiyo ndio mpaka wa kaunti hizi, na ipo barabara itokayo Kibwezi hadi Kitui ambayo siku hizi ina lami. Kila Ijumaa jioni huvuka mto kwenda kuwaona watoto, na kila Jumapili huuvuka tena kurudi kazini. Kwa muda wa miezi mitano hivi, mto huo ulikuwa na miujiza. Nikiuvuka kwenda Kibwezi, nilikonda. Nikiuvuka kurudi Mutomo, nilinenepa. Ijumaa moja mizani ya Kibwezi ilinipa kilo 88. Jumapili usiku mizani ya Mutomo ikanipa kilo 94. Kilo 6 kwa siku mbili! Hata fahali anayenoneshwa kwa ajili ya Krismasi hawezi kufanya ajabu kama hiyo.

Msomaji asidhani kwamba nasimulia haya ili kuchekesha. Nilikuwa nimepimwa shinikizo la damu, na daktari aliyenipima alitikisa kichwa kabla ya kusema neno. Aliniambia nipunguze uzani, nitembee kila siku, na nijihadhari na sukari na chumvi. Onyo lake lilinigusa kuliko alivyojua. Marehemu baba yangu alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa kisukari, baada ya kusifiwa kijijini kwa miaka mingi kwamba mwili wake mkubwa ulikuwa ushahidi wa nyumba isiyolala njaa. Kwa hivyo niliponunua mizani sikuwa nikitafuta urembo. Nilikuwa nikijaribu kuzuia mguu wangu usiufuate wa baba.

Sasa tazama, msomaji, jinsi mizani mbili zilivyoiharibu kazi ambayo moja ingeisaidia. Nilipofika Kibwezi na kusoma kilo 88, nilijipongeza. Mtu aliyepungua kiasi hicho, nilijiambia, ana haki ya chapati ya tatu na kikombe kingine cha chai yenye sukari ya kutosha. Nilipofika Mutomo na kusoma kilo 94, nilikata tamaa. Kuna faida gani kuamka alfajiri na kutembea ikiwa mwili wenyewe haujali? Basi nikalala mpaka saa moja. Kwa maneno mengine, mizani moja ilinipa sababu ya kula na nyingine ikanipa sababu ya kutotembea. Na walimu wenzangu waliponiuliza naendeleaje, unadhani niliwatajia nambari ipi? Katika miezi yote hiyo sikutaja ya Mutomo hata mara moja. Niliivutia ngozi kwangu.

Hapa ndipo ninapotaka kumsimamisha msomaji, kwa sababu jambo hili si langu peke yangu, wala si la mizani za nyumbani pekee. Sisi watu wa Kitui na Makueni tunayajua vizuri madhara ya kipimo kisicho cha haki. Sote tunaijua gorogoro iliyobonyezwa kitako mpaka bati likaingia ndani, nayo imetupunja mahindi na pojo kwa miaka na mikaka. Mkulima huvuna pojo zake, ambazo wengi huziita ndengu, kwa jasho la msimu mzima. Kisha mlanguzi hufika na mizani yake ya kuning'iniza, na gunia ambalo mkulima alilijua vizuri likasomeka pungufu. Tumepiga kelele kuhusu dhuluma hiyo, na tulifanya vyema. Ipo Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513 ya sheria za Kenya, inayotaka mizani ya biashara ikaguliwe na kutiwa muhuri, na adhabu imewekewa anayeichezea.

Lakini tazama ajabu ya mwanadamu. Mkulima yuleyule anayelia sokoni kwa sababu mizani imempunguzia kilo, akipanda mizani ya kujipimia humshukuru Mungu kwa sababu imempunguzia kilo. Sokoni tunaitaka mizani nzito, chumbani tunaitaka nyepesi, na kote kuwili tunaiita ya kweli ile inayotupendeza. Mlanguzi humwibia mkulima, na hilo ni kosa la jinai. Anayejipimia kwa mizani inayompendeza hujiibia mwenyewe, na hakuna mkaguzi wa kaunti atakayekuja chumbani kwake kumkamata. Kwani mizani ya nyumbani haikupimii kitu cha kuuza, hivyo hakuna anayeikagua isipokuwa wewe.

Niliamua kuwa mkaguzi wangu. Jumapili moja niliitia mizani ya Kibwezi mfukoni nikavuka nayo Athi. Kesho yake asubuhi niliziweka zote mbili kwenye sakafu moja ya saruji, nikazipanda moja baada ya nyingine kabla ya kunywa chai, nikiwa na vazi moja jepesi. Ya Mutomo ilisema kilo 93. Ya Kibwezi ikasema 89. Basi ikabainika kwamba kati ya zile kilo 6 za muujiza wa mto, kilo 4 zilikuwa ugomvi wa mizani zenyewe. Kilo 2 zilizosalia hazikuwa mafuta pia, nami nitaeleza zilikotoka.

Shuleni kwetu kulikuwa na ujenzi. Nilimwomba fundi mfuko mmoja wa saruji ambao haujafunguliwa, ule wa kilo 50, nikauweka juu ya kila mizani mbele ya wanafunzi. Ya Mutomo ilisoma 51. Ya Kibwezi ikasoma 49. Wanafunzi walicheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu walianza kufikiri. Mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa ipi ndiyo ya kweli?" Nikawaachia kalamu wapige hesabu. Ikiwa mizani inaongeza kilo moja katika kila 50, basi 93 yake ni kama 91. Ikiwa nyingine inapunguza kilo moja katika kila 50, basi 89 yake nayo inakaribia 91. Mizani zote mbili zilikuwa zikisema uongo, lakini kila moja ilisema uongo uleule kila siku, na uongo usiobadilika huweza kusahihishwa.

Hili ndilo somo kubwa katika makala haya, nami naomba walimu wa sayansi wanisaidie kulieneza. Kuna tofauti kati ya kipimo kilicho sahihi na kipimo kilicho thabiti. Saa iliyo mbele kwa dakika 10 kila siku haitakuchelewesha shuleni ukiijua tabia yake. Saa ambayo leo iko mbele na kesho iko nyuma itakufukuzisha kazi. Vivyo hivyo, mtu anayetaka kupunguza mwili hahitaji sana kujua kama ana kilo 91 au 93. Anahitaji kujua kama anashuka, anapanda au amesimama palepale. Jambo hilo mizani moja mbovu isiyobadilika hulieleza vizuri kuliko mizani mbili zilizo nzuri kiasi lakini hazipatani. Mshika mbili, moja humponyoka, na mara nyingi inayomponyoka ni ile ya kweli.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kununua mizani ghali ya kielektroniki inayoandika hata gramu. Siwalaumu, lakini nawakumbusha kwamba hata mama wa kilo zote duniani aliwahi kutiliwa shaka. Tangu 1889 kilo ilikuwa ni uzani wa kipande kimoja cha madini ya platini na iridi kilichohifadhiwa Sèvres, karibu na Paris, Ufaransa. Nakala zake zilisambazwa katika nchi mbalimbali. Baada ya takriban miaka 100, wataalamu walipozilinganisha nakala na asili yake walikuta zimetofautiana kwa mikrogramu 50 hivi, kiasi kisichozidi sana chembe moja ndogo ya mchanga wa mito yetu. Kwa sababu ya tofauti hiyo na shida nyinginezo, mataifa yalikubaliana mnamo Novemba 2018, na tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande cha madini bali kanuni ya fizikia isiyobadilika. Ikiwa kilo ya Sèvres yenyewe ilikosa kuaminika kikamilifu, seuze mizani yangu ya springi iliyokanyagwa na watoto, ikaachwa juani, ikahamishwa kutoka sakafu ya saruji hadi juu ya zulia?

Sasa nirejee kwenye zile kilo 2 nyingine. Mwili wa binadamu si mfuko wa saruji. Ndani yake maji huingia na kutoka saa zote, na lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Ijumaa nilikuwa nikisafiri katika joto la alasiri bila kunywa chochote, kwa kuhofia kwamba matatu haitasimama njiani. Nilifika Kibwezi nimekauka, nikapanda mizani papo hapo. Jumapili nilirudi nimeshiba muthokoi na nyama, nimekunywa maji na chai, nimekula chumvi ambayo huyazuia maji mwilini, nami nikajipima usiku nikiwa na suruali, mshipi, na mfuko uliojaa funguo na sarafu. Hakuna hata gramu moja ya mafuta iliyoyeyuka njiani siku ya Ijumaa, wala hakuna kilo mbili zilizojengeka kwa siku mbili. Ni maji tu yaliyokuwa yakienda na kurudi, kama yanavyofanya katika mito yetu ya msimu. Kwa akina mama jambo hili lina uzito zaidi, kwani siku za mwezi huweza kuyazuia maji mwilini, mizani ikapanda ilhali mwenyewe hajavunja sharti lolote.

Mafuta huja polepole na huondoka polepole. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori 7,700 hivi. Tuchukue mfano ulio mbele ya kila mwalimu wakati wa mapumziko. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina gramu 4, yaani kalori 16. Mtu anayekunywa vikombe 4 kwa siku, kila kikombe kikiwa na vijiko 4, humeza kalori 256 za sukari tupu. Kwa siku 30 hizo ni kalori 7,680. Mwalimu wa hesabu ataona mara moja kwamba sukari ya chai peke yake, ikiwa ni ziada juu ya mahitaji ya mwili, yatosha kumpa mtu karibu kilo nzima ya mafuta kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho twakibeba kiunoni. Shirika la Afya Duniani lilishauri mnamo 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku, na kwamba ni bora zaidi ikishuka hadi nusu ya kiasi hicho, ambayo ni kama vijiko 6. Wengi wetu huvimaliza vijiko hivyo kabla ya kengele ya saa nne.

Huenda msomaji akauliza: katika kaunti hizi zilizokumbwa na ukame mara kwa mara, ni adabu kweli kuandika kuhusu kupunguza mwili? Swali hilo ni la haki. Kitui na Makueni zimo miongoni mwa kaunti kame na nusu kame za nchi hii, na misimu mitano mfululizo ya mvua haba kati ya 2020 na 2022 haijasahauliwa na yeyote aliyeona mifugo ikianguka. Lakini ukweli ni kwamba njaa na unene vyaweza kuishi katika kijiji kimoja, wakati mwingine hata katika boma moja. Uchunguzi wa kitaifa wa demografia na afya wa 2008-09 ulionyesha kwamba robo ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Ule wa 2014 ulionyesha kwamba idadi hiyo ilikuwa imefika thuluthi. Anayesema kwamba unene ni shida ya Nairobi pekee hajahudhuria mkutano wa walimu wakuu.

Isitoshe, kuna sababu ya kihistoria inayotufanya tuogope kukonda. Katika miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa ukiwamaliza vijana na wazee, mtu aliyepungua mwili alitazamwa kama maiti inayotembea. Jirani zetu wa Uganda waliupa ugonjwa huo jina la "Slim", kwa sababu ya wembamba uliowapata wagonjwa. Kumbukumbu hiyo haijafutika. Mimi mwenyewe, nilipoanza kupungua kidogo, mzee mmoja wa hapa Mutomo alinivuta kando akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, u mgonjwa?" Nilimjibu kwamba nilikuwa mgonjwa nilipokuwa mnene. Hakuniamini. Tunahitaji kubadilisha fikira hizi bila kumdhihaki mtu yeyote, mnene wala mwembamba. Na hasa nawaasa wanafunzi: mizani hupima mvuto wa dunia juu ya mwili wako, haipimi thamani yako. Msichana anayeacha kula ili nambari ishuke kabla ya siku ya wazazi hatunzi afya, anaihujumu. Na mvulana anayewacheka wenzake kwa miili yao hana tofauti na mlanguzi, kwani naye humpunja mtu haki yake kwa kipimo kisichofaa.

Kuna pia jambo zito kuliko kiuno changu. Mizani ikikosea kilo mbili kwangu, hasara ni chapati moja zaidi na aibu kidogo. Lakini zipo mizani zinazopima watoto, na huko hesabu hubadilika. Dawa nyingi za watoto hukadiriwa kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 8 akipimwa kwa mizani iliyokosea kilo moja, kosa hilo ni thumuni nzima ya mwili wake. Wakati wa ukame, kilo moja yaweza kuamua kama mtoto ataandikwa kupewa lishe maalumu au atarudishwa nyumbani. Ndiyo maana wahudumu wa afya hawategemei mizani pekee. Huuzungusha mkono wa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 kwa utepe wenye rangi, na ikiwa mzingo wa mkono hautimii sentimita 11.5, wanajua wanaukabili utapiamlo mkali hata kabla ya kuiuliza mizani. Utepe huo huwa shahidi wa pili, na ni vyema kuwa na shahidi wa pili anayepima kitu kingine badala ya kurudia swali lilelile.

Sisi watu wazima twaweza kuiga busara hiyo. Chukua uzi, upime kimo chako kutoka utosini hadi unyayoni, uukate. Kisha uukunje mara mbili na ujaribu kuuzungusha kiunoni, juu kidogo ya mifupa ya nyonga. Ukikutana, vyema. Usipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya kimo chako, na hiyo ni dalili kwamba mafuta yamejilundika tumboni, mahali ambapo huleta hatari ya kisukari na maradhi ya moyo. Uzi huo hauna springi wala betri, na haujui kama uko Kitui au Makueni. Wangu haukukutana. Ulipungukiwa na upana wa kiganja, na hapo ubishi wote wa mizani mbili ukanyamaza.

Kwa nini basi nisiitupe mizani kabisa? Kwa sababu nayo ina kazi yake ikitumiwa kwa adabu. Kuna kipimo ambacho wauguzi hutumia, nacho ni kugawanya kilo za mtu kwa kimo chake katika mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Jibu likifika 25, uzani umezidi. Likifika 30, ni unene wa hatari. Mimi nina kimo cha mita 1.75. Kwa kilo 88 za Kibwezi nilipata 28.7. Kwa kilo 94 za Mutomo nilipata 30.7. Kwa mizani moja nilikuwa upande huu wa mstari, kwa nyingine upande wa pili, kama vile mto Athi ulivyonipitia katikati. Mtu aliyepima kwa haki, yaani kilo 91, alipata 29.7, akajua kwamba hajavuka mstari lakini anaukanyaga. Habari hiyo haikunifurahisha wala haikunivunja moyo. Ilinifanya nivae viatu nikatembee.

Kwa hiyo natoa mapendekezo machache. Mosi, chagua mizani moja uishike, nyingine uisahau. Iweke kwenye sakafu ngumu na iliyo sawa, wala usiihamishe. Pili, jipime siku moja ya juma, asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya kunywa chai, ukiwa na vazi lilelile. Tatu, andika nambari hiyo katika daftari hata kama haikupendezi, na hasa kama haikupendezi. Nne, usitoe hukumu kabla ya majuma manane. Nambari moja ni uvumi, nambari nane ni ushahidi. Tano, ijaribu mizani yako mara kwa mara kwa kitu ambacho uzani wake unajulikana. Si lazima iwe saruji. Balo la unga lenye pakiti 12 za kilo 2 lina kilo 24, na hupatikana katika kila duka kutoka Mwingi hadi Mtito Andei.

Kwa walimu wenzangu, naomba jaribio la mfuko wa saruji liingie darasani. Halina gharama, na mwanafunzi aliyeona mizani mbili zikibishana juu ya mfuko mmoja hatasahau kamwe maana ya kosa la kipimo. Atakua akijua kuuliza: nani aliyepima, kwa kifaa gani, na kifaa hicho kilikaguliwa lini? Maswali hayo yatamfaa atakapouza maembe ya baba yake Makueni au pojo za mama yake Kitui. Kwa serikali za kaunti, ambazo ndizo zenye wakaguzi wa vipimo na ndizo zinazosimamia zahanati na vituo vya afya, ombi langu ni kwamba mkaguzi anayekwenda sokoni na mawe yake ya kupimia apitie pia mahali watoto wanapopimwa. Haifai gunia la pojo litendewe haki kuliko mtoto.

Nami nimefikia wapi? Ile mizani ya Kibwezi niliwaachia wanafunzi kwa majaribio yao. Nimebaki na ya Mutomo, iliyokuwa ikiniudhi. Miezi minane imepita. Chai yangu ina kijiko kimoja, na alfajiri watu wa Mutomo wamezoea kuniona barabarani nikitokwa na jasho. Jumatatu iliyopita mizani ilisema 87. Najua kwamba hainiambii kweli, na kwamba kilo zangu ni kama 85. Mfuko mwingine wa saruji ulinithibitishia kwamba uongo wake haujabadilika. Uzi nao umekaribia kukutana, umebakisha upana wa vidole viwili. Nikivuka Athi siku hizi navuka na uzani uleule niliotoka nao.